Kichuguu cha Donat Mwenze

Katika Élisabethville ya miaka ile, kiumbe pekee aliyeingia nyumba yoyote bila kibali alikuwa mchwa. Mtu mweusi akikutwa upande wa Wazungu baada ya saa ya kufunga mji, bila karatasi ya bosi wake, alikwenda kulala boloko, jela ya mji, na boloko haikuwa na godoro. Mchwa alipita chini ya barabara hadi Bel-Air ya Wazungu, akala kabati la mhandisi, kisha akarudi Kenya, mtaa wa weusi, kula kitanda cha fundi aliyelitengeneza kabati. Hakubagua rangi wala dini. Kanisani kwa mapadri alianza na kiti cha padri mwenyewe. Kwa usawa alikuwa ameipita serikali ya Ubelgiji kwa mbali.

Fundi wa kabati aliitwa Donat Mwenze, na yeye hakuona mzaha wowote hapo.

Alizaliwa Mitwaba, akaletwa mjini mgongoni mwa mama yake wakati baba yake alipoandikwa kazi ya mgodi. Walikaa kambini: chumba cha kampuni, mlango wa kampuni, hata kunguni walikuwa kama wameandikwa na kampuni, maana walianza kazi kwa saa. Baba yake alichimba mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi. Siku daktari alipoandika kwamba kifua kile hakifai tena, mzee alipewa blanketi akapandishwa lori la kurudi kwao, na vumbi la lori lilikuwa halijatulia familia nyingine ilipoanza kutundika sufuria kwenye misumari yake. Kule kwao mzee hakuishi hata msimu mmoja wa mahindi. Donat, aliyekuwa akijifunza useremala kwa mapadri, alirudi kambini jioni ile akakuta mtoto asiyemjua ameketi kizingitini mwao anakula muhogo. Mtoto alimwuliza anamtafuta nani.

Tangu hapo wenzake walitaka baiskeli, walitaka gramafoni, walitaka kofia ya kuendea misa. Donat alitaka kuta. Alitaka kufa ndani ya nyumba ambayo hakuna mtu angeweza kumtoa akiwa bado anakohoa.

Alimwoa Honorine, binti wa Balamba wa njia ya Kipushi, watu waliokuwa wakilima mtama pale kabla mtu yeyote hajaja kuwaambia kwamba wamekalia shaba. Pamoja na Honorine alipata mama mkwe, Kunda, mjane mfupi, mchapakazi, ambaye Donat alimheshimu sana. Yaani katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumwona uso. Ndivyo heshima ya ukwe ilivyokuwa, kwa Baluba wa kwao na kwa Balamba wa mkewe vilevile. Mwanamume hasemi na mama wa mke wake, hali naye, hampi mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye nyasi. Akimkuta ameinama kazini, au kitenge kimepanda, anageuza mgongo na kuondoka huku akikohoa ili ijulikane kwamba hakuona. Neno likiwapo, linapita kwa mtu wa katikati: Donat kwa Honorine, Honorine kwa mama yake, na jibu linarudi njia ileile. Watu wawili waliweza kukaa ukumbi mmoja wanasikiana vizuri kabisa, na bado wamsumbue wa tatu arudie kila neno. Wazungu wakiliona hilo walicheka. Wao mama wakwe zao walikuwa wamewaacha ng'ambo ya bahari, na hiyo pia ni njia.

Mwaka wa hamsini na moja, biro, yaani ofisi, ya mitaa ya weusi ilimpa Donat kiwanja Kenya, na katikati ya kiwanja kichuguu kikubwa kama kanisa dogo. Waliokuja kutazama walimpa pole. Donat alikaribia kucheza. Hakuna udongo wa tofali unaoushinda ule wa kichuguu: hauna mawe, unashikana, na tofali likichomwa vizuri ukiligonga linalia kama chungu. Alikata nusu ya kichuguu, akafyatua, akachoma tanuru lake mwenyewe, akajenga vyumba vitatu na baraza. Nusu iliyobaki aliiacha nyuma, karibu na jiko, kwa sababu Honorine aliiombea. Mvua za kwanza zikinyesha kichuguu hutoa inswa, wale kumbikumbi wanene wanaokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na mwanamke wa Kilamba mwenye kichuguu nyuma ya jiko lake alitembea pale Kenya kama mke wa mkurugenzi.

Kwa ufupi, Donat alibomoa nusu ya nyumba ya mchwa ili ajenge yake, akawaacha wenyeji hai nyuma ya jiko, kisha akashangaa walipokuja kudai.

Walikuja kwa adabu. Kwanza vijia vya udongo, vyembamba kama mshipa wa mkono, vikipanda ukutani kutoka msingini. Donat alivikwangua asubuhi. Jioni vilikuwa vimerudi, vibichi. Alipaka mafuta machafu ya gari. Alimwaga maji ya moto, alimwaga majivu, alimwaga hata maji ya baraka, ingawa hilo la mwisho lilifanywa na Honorine na yeye alijifanya hakuona. Mchwa wakaacha kupanda nje. Donat akadhani ameshinda. Walikuwa wameingia ndani ya ukuta, kwenye tope la kuunganishia matofali, na huko walipanda wakiwa wamestarehe, hakuna anayewakwangua.

Asubuhi moja ya kiangazi boriti ya chumba cha kulala ilikatika. Bati lilishuka na kukipiga kitanda pale ambapo Honorine, mwenye mimba ya miezi mingi, alikuwa ameinuka muda mfupi tu kwenda kuchochea moto. Boriti ilikuwa nzima kwa nje, na rangi yake. Ndani hamkuwa na kitu, ganda tupu.

Habari zilifika biro kabla ya vumbi kutulia, na biro ikamtuma ajenti. Ajenti alikuwa kijana wa Kizungu mwenye soksi ndefu na fimbo. Alichoma boriti moja moja, na fimbo ikaingia kama kwenye mkate. Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza ratiba ya treni, kwamba atarudi mvua zikishaanza. Akikuta paa linafaa, vizuri. Akikuta mchwa, kiwanja kitapewa mtu anayejua kutunza. Kisha akaenda. Donat alibaki amesimama chini ya lile tundu la paa, anatazama mbingu nyeupe ya mwezi wa tisa. Alikuwa amekwisha kumwona yule mtoto wa muhogo ameketi kwenye kizingiti chake.

Alibadilisha mbao zote. Lakini mbao mpya juu ya mchwa wa zamani ni kuwapikia tu, na hilo alilijua. Honorine alishauri wachimbe kichuguu mpaka wampate malkia, wamtoe, na mambo yatakwisha, kama walivyofanya kwao. Donat alipima kwa jicho: kichuguu kilikuwa kimeegemea msingi wa nyuma, na kumfuata malkia chini kule kungeuangusha ukuta wote. Ndipo alipokwenda kwa Liévin.

Liévin alikuwa mtunza ghala wa karakana moja ya mbao, rafiki yake wa tangu shule, mtu wa mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Kule ghalani palikuwa na unga mweupe ambao nguzo zililowekwa ndani yake kabla ya kusimikwa, na nguzo hizo mchwa walizizunguka kwa mbali, kama watu wanavyozunguka nyumba ya mchawi. Liévin alimletea wa kutosha ndani ya mfuko wa karatasi.

"Vieux, weka hii mu matundu yote," alisema. "Kiisha ufunge kinywa. Muchwa hatakushitaki, lakini bosi wangu atanishitaki."

Donat hakuwa mzembe, hilo lisemwe wazi. Jumapili baada ya misa alijifunga kitambaa puani, akasukuma unga ule ndani ya matundu kwa pampu ya baiskeli, akaunyunyiza kwenye kila mdomo wa kichuguu mpaka kikawa kama kimepakwa poda. Alichimbia mfuko shimoni. Alimweleza Honorine. Aliwaeleza majirani wa pande zote, wa kwanza kabisa Régine, mjane wa jirani, wafunge kuku wao na kuwashika watoto. Mwisho akakata matawi ya miiba akakizungushia kichuguu chote. Honorine alinung'unika siku nzima juu ya inswa zake za mwaka ule. Donat akamwuliza, bati likituangukia tena, inswa tutazilia wapi?

Na dawa ilifanya kazi. Vijia vya udongo ukutani vilikauka vikaanza kudondoka vyenyewe. Donat alilala usingizi ambao hakuwahi kulala tangu utotoni.

Uchungu wa Honorine ulikuja kabla ya wakati wake. Asubuhi Régine alimsindikiza hospitali ya weusi, upande wa wazazi, na alasiri ileile Kunda akafika kwa miguu kutoka njia ya Kipushi, kikapu kichwani na jogoo kwapani, amekuja kumlea mzazi. Mama na binti walipishana kwa nusu siku. Hospitali haikuruhusu wageni siku hiyo, kwa hiyo Kunda alitua mzigo wake jikoni na kushika nyumba: mama mkwe upande wa nyuma, mkwe upande wa baraza, na Régine katikati kupeleka maneno.

Hapo Donat alikuwa na neno moja la kupeleka, na alijua.

Alilitafuna jioni nzima. Katika miaka yote hakuwahi kumtumia mama mkwe wake ila salamu, nyama na nguo. Sasa neno lake la kwanza lenye uzito liwe sumu? Sumu nyumbani mwangu, karibu na unapopikia, na binti yako hayupo. Na lipitie kwa Régine, mwanamke mwema, lakini kitu alichokisikia asubuhi kwenye bomba la maji kilijulikana mtaa wa pili, Kamalondo, kabla ndoo haijajaa, na kilifika kule kimenenepa. Kesho njia yote ya Kipushi ingesema kwamba mkwe wa Kunda amemtajia sumu. Kwa Balamba, mkwe akimtajia mama mkwe sumu, hakuna anayeuliza habari za mchwa.

Basi akajipa sababu. Mbingu ilikuwa bado nyeupe, mvua haina dalili. Honorine angejifungua, angerudi, angemwambia mama yake kwa kinywa chake. Régine alipokuja kuuliza kama kuna ujumbe, Donat alisema mama apumzike na ale vizuri. La sumu Régine hakuligusa; alidhani Honorine alikwisha kumtumia mama yake habari.

Kunda, kwa upande wake, alikuwa ametazama nyuma ya jiko na kuona miiba; unga ulikuwa umekwisha kufunikwa na vumbi la kiangazi. Kwao, na kwa watu wote wa nchi ile, kichuguu kikizungushiwa miiba maana yake ni moja: mwenye nacho amekitia alama, inswa za hapa ni za nyumba hii, jirani asijaribu. Alifurahi. Aliona kwamba binti yake ameolewa na mwanamume anayejua mambo.

Mvua ilinyesha siku ya pili yake, mchana, mvua nzito ya kwanza inayopiga bati kama mawe. Ilipokatika, jua likiwa linaelekea kuzama, Kenya yote ilitoka nje na mabeseni. Hewa ilijaa mabawa. Watu wazima walikimbia kama watoto. Hata katekista alionekana ameokota moja akaitia mdomoni, mbichi.

Donat alikuwa anarudi kazini, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alipita uchochoro wa nyuma, njia ya mkato. Alipopinda kona ya jiko alimwona mama mkwe wake: mgongo, kitenge kimefungwa juu ya magoti, ameinama, mikono yake inafanya kazi haraka.

Akageuka.

Hakufikiri. Mwili ulifanya wenyewe, kama jicho linavyofumba mbele ya vumbi. Akakohoa ili ijulikane kwamba hakuona, akarudi kwa uchochoro, akazunguka mbele, akaketi barazani kukwangua tope miguuni. Alijisikia vizuri hata. Alifikiri jinsi atakavyomsimulia Honorine kwamba mambo ya nyumba yanakwenda kwa heshima.

Giza lilipoanza kuingia alisikia makofi mepesi kwenye mlango wa nyuma. Ndivyo Kunda alivyoleta chakula: anaweka sahani kizingitini, anapiga makofi, anaondoka. Donat alingoja kidogo, kisha akaichukua. Sahani ilikuwa imefunikwa kwa nyingine. Akafunua. Bukari, yaani ugali, mboga, na juu yake inswa, nyingi, zimekaangwa vizuri, zinang'aa, fungu ambalo mama mkwe hamwekei mtu mwingine yeyote.

Kwanza akili yake ilikataa: kichuguu chake kilikuwa kimekufa. Ikamtafutia vichuguu vingine: kile cha karibu na reli, kile cha shambani kwa Régine. Halafu macho yake yakamrudishia ule mgongo, na mahali ulipoinamia: waliobaki hai chini walikuwa wametoka kupitia unga.

Alikimbia mpaka mlango wa jiko, na hapo mguu ulikataa. Watu wa leo hawaliamini hili. Mama wa mke wake yuko ndani na sumu, na Donat Mwenze amesimama nje ubavu ubavu, uso ameuelekeza uani, anamwita mtu wa katikati. Aliita mara nyingi. Régine alikuwa bado nje na beseni lake kama mtaa wote, na sauti ya Donat ilizama katika kelele za watu wenye furaha.

"Mama," Donat akasema.

Ndani kitu kilianguka. Kunda alivuta kitenge usoni akageukia ukuta, na kwa ukuta ndiko alikojibu. "Mukwe wangu amelewa. Muntu amushike mukono, amupeleke akalale."

"Sikulewa, mama. Ile inswa, ulikula?"

Kunda aliueleza ukuta kwamba yeye ni mwanamke mzima, hajazoea kufuatwa jikoni na bwana wa binti yake; kwamba kama chumvi imezidi kuna watu wa kutumwa kuja kusema; kwamba haya ndiyo mambo ya kwenda kukaa mjini.

"Niliwekaka sumu mu kile kichuguu," Donat akasema. "Sumu ya kuua muchwa. Miiba niliweka juu ya sumu."

Kelele za nje ziliendelea. Kunda alishusha kitenge polepole, akageuka, akamtazama. Ulikuwa uso wa Honorine, wenye mikunjo, na haukuwa na hasira. Ulikuwa unahesabu.

"Nilionja," alisema. "Nilikuwa naonja chumvi. Kiisha nikakula, juu ya njaa." Akanyoosha kidole kwenye kifurushi cha majani kando ya mafiga. "Ile iko ya Honorine. Nilitaka kumupelekea kesho."

Donat alikitupa kifurushi motoni pamoja na sahani yake. Akaleta mafuta ya mawese, akaleta maziwa ya kopo aliyomnunulia mtoto anayengojewa, akamnyooshea kikombe. Mama mkwe hakuweza kukipokea kutoka mkononi mwake. Vidole vyake vilisogea vikarudi. Ndipo Régine alipofika, akanusa, akatazama moto, akatazama miiba, na hakuhitaji kuelezwa. Yeye ndiye aliyemnywesha.

Haikusaidia. Wanawake wa jirani waliingia jikoni na Donat wakamtoa, maana ugonjwa uliomshika Kunda ulikuwa wa kutapika na kuharisha maji, na mkwe hawezi kuwapo mahali kama hapo. Alikaa nje amegeukia ukuta wake wa matofali, anasikiliza. Alfajiri walimpeleka Kunda hospitali kwa toroli ya kubebea mchanga, wanawake wakisukuma, Donat nyuma kwa mbali, kwa heshima. Kabla ya saa sita mchana mama mkwe alikuwa amekufa. Upande wa pili wa ua uleule, chini ya bati lingine, Honorine alikuwa amelala na mtoto wa kike aliyezaliwa jana yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mama yake yuko mjini.

Daktari aliandika kuhara. Msimu wa mvua ukianza watu weusi huhara. Alikuwa na wengine ishirini wa kuandika.

Liévin alikuja msibani akiwa amevaa tai, akamvuta Donat pembeni ya nyumba. Alikuwa ameshaelewa, na alitisha na kubembeleza kwa pumzi moja. "Daktari amesema tumbo. Weye unajua kupita daktari? Diplome yako iko wapi?" Halafu akashusha sauti. Unga ule ni wa wizi, alisema. Ukisema, mi na wewe boloko, kazi imekwenda, na kiwanja hiki wanampa mwingine kabla majani hayajaota kwenye kaburi. Ukinyamaza, mama amekufa na nyumba ipo. Ukisema, mama amekufa na nyumba haipo. Chagua. Liévin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anajua hesabu tu.

Donat alimwambia Honorine. Alingoja arudi nyumbani, akae chini, mtoto ashibe, akamwambia mwanzo hadi mwisho.

"Ulimuona?" Honorine aliuliza.

"Nilimuona mugongo."

"Kiisha ukafanya nini?"

"Nikageuka."

Honorine hakupiga kelele. Alimpangusa mtoto mdomo. Baadaye, kwa sauti ya mtu anayepanga vyombo, alimwambia kwamba kaka zake hawataambiwa. Wakijua watakwenda polisi, baba wa mtoto atafungwa, nyumba itachukuliwa, na mama yake atakuwa amekufa ili mtu mwingine alale chini ya bati zuri. Hapana. Watasema ni tumbo. Na tangu jioni ile hakumwita Donat kwa jina.

Ajenti wa soksi ndefu alirudi mikeka ya msiba ikiwa bado uani. Alichoma boriti zote, alikwangua kuta, alizunguka nyuma akapiga teke kichuguu, kikalia utupu. Alishangaa. Alisema kwamba hajaona nyumba safi hivi Kenya nzima, akampa Donat mkono, jambo ambalo Wazungu wa biro hawakuwa wakilifanya, na akataka kujua ametumia njia gani. Donat alisema, majivu.

Kitovu cha mtoto kilipoanguka, ndugu wa Honorine walikuja kwa ajili ya jina. Walijaa barazani: wajomba, shangazi, na kaka mkubwa Mutale akiwa kichwa cha familia, na pombe ya mtama, na nyuso zilizoanza tena kujaribu kucheka. Honorine alitoka na mtoto akasema jina ni Kunda. Wote walipiga makofi, hilo walilitarajia. Jina huja na mwenyewe. Mtoto aliyepewa jina la bibi ni bibi, na baba yake anapaswa kumwonea haya kama alivyomwonea haya mama mkwe. Katika nyumba nyingine huo huwa mchezo mtamu, mwanamume mzima anajificha nyuma ya mlango mbele ya mtoto mchanga, na watu wanacheka mpaka machozi.

Donat alinyoosha mikono ampokee. Alikuwa hajambeba hata mara moja.

Honorine alimpitisha mtoto kando yake akampa Régine. "Huyu njo mama mukwe wako," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kabisa. "Heshima yake unaijua kupita bantu bote. Ukikuwa na neno, pitisha kwa ba Régine."

Baraza likacheka. Mtu akapiga kigelegele. Wakamwambia Donat ageuke basi, ageuke, mama mkwe anamtazama. Donat akageuka. Alisimama uso ukutani, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilirudi kutoka kwenye matofali, na watu wakangoja aseme kitu cha kuchekesha, kama wanavyosema akina baba wengine, kwamba mama anisamehe sina nyama leo.

"Ba Régine," alisema, "mwambie mama kwamba mu kile kichuguu niliweka sumu. Mwambie asikiguse. Hata mvua inyeshe, hata inswa zitoke, asikiguse. Mwambie ni mi mwenyewe, mukwe wake, njo ninasema."

Wachache walicheka bado, kwa kuchelewa, kisha wakaacha. Régine alimtazama Honorine. Honorine alikuwa ameketi, mikono mapajani, haangalii mtu. Basi Régine aliinama juu ya mtoto, mdomo karibu na sikio lake, akaufikisha ujumbe neno kwa neno, kama inavyotakiwa.

Mutale akaweka kikombe chake chini. Akauliza ni kichuguu gani.